Mbegu ya Kiume Haikomai kwa Siku Moja

Mfugaji ana mitamba kumi na fahali mmoja. Mitamba wote kumi hawashiki mimba. Je, mfugaji huyo atafanya nini? Atamtazama fahali. Hata mtoto mchungaji anajua hivyo. Hakuna mfugaji atakayeuza mitamba kumi kwa sababu ya fahali mmoja.

Lakini kwa binadamu mambo huwa kinyume. Mume na mke wakikaa mwaka mmoja, au miaka miwili, bila kupata mtoto, anayetazamwa ni mke. Huitwa tasa. Hupelekwa kwa mganga huyu na yule. Mawifi humsema kisimani. Mwishowe hurudishwa kwa wazazi wake, na mume huoa mke mwingine. Katika kazi yangu ya ugani nimeona nyumba zikivunjika namna hiyo. Tena nimeona mke aliyefukuzwa akiolewa kijiji cha pili na kuzaa watoto wanne. Yule mume wa kwanza bado anahesabu wake tu.

Madaktari wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wameona kwamba katika karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto, kuna kasoro upande wa mume. Pengine ni mume peke yake mwenye kasoro, pengine ni wote wawili. Kwa hiyo ni vizuri tujue mbegu ya kiume hutengenezwa wapi, hutengenezwa namna gani, na huchukua siku ngapi.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini chuoni tulifundishwa habari za mbegu za fahali na beberu, na mwili wa mwanamume hauko mbali sana na hapo. Msomaji asione haya. Mambo haya yamo mwilini mwa kila baba.

MAHALI PENYE UBARIDI

Mbegu za kiume hutengenezwa ndani ya korodani. Watu wengine huziita kende. Mwanamume ana korodani mbili, nazo zimo katika mfuko wa ngozi unaoning'inia nje ya mwili.

Kwa nini zikae nje? Moyo, ini na figo vimefichwa ndani. Sababu ni joto. Mtu asiye na homa ana joto la digrii 37 hivi. Mbegu hazitengenezwi vizuri katika joto hilo. Zinataka joto lililopungua kwa digrii 2 hadi 4. Kwa hiyo mfuko ule hufanya kazi ya kupima joto. Wakati wa baridi hujikunja na kuzivuta korodani karibu na tumbo. Wakati wa jua kali hulegea na kuziteremsha. Mfugaji amekwisha kuliona jambo hili kwa beberu wake.

Jogoo hayuko hivyo. Ukimchinja jogoo utakuta kende zake ndani ya tumbo, karibu na mgongo. Ndege wameumbwa kwa namna yao, na joto la tumboni haliwadhuru. Lakini binadamu, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanahitaji ubaridi ule.

Hapa nina neno kwa akina mama. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake nazo huwa ndani ya tumbo lake. Kwa kawaida hushuka kabla hajazaliwa. Lakini kwa watoto wengine korodani moja, au zote mbili, hubaki juu. Kwa hiyo mama unapomwogesha mtoto, papasa mfuko wake taratibu, maji yakiwa ya vuguvugu. Kama amefikisha miezi sita na korodani moja haipo, mpeleke kituo cha afya. Madaktari humfanyia upasuaji mdogo kabla hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Usingoje abalehe. Korodani iliyobaki tumboni huharibiwa na joto, na baadaye inaweza kupata saratani.

MFANO WA MGOMBA

Ndani ya korodani kuna mirija myembamba kama uzi. Katika korodani moja imo mamia ya mirija hiyo, nayo imekunjwa-kunjwa. Kama ungeweza kuinyoosha yote na kuiunganisha, ungepata uzi wa mamia ya mita. Ni ajabu kwamba urefu wote huo umeenea katika kitu kidogo kuliko yai la kuku.

Mbegu huota katika kuta za mirija hiyo. Ili tuelewe, tuufikirie mgomba. Shina la mgomba lina tunguu lililofukiwa ardhini. Tunguu hutoa chipukizi. Chipukizi hukua, huwa mgomba mkubwa, huzaa mkungu. Ukienda shambani leo utakuta mahali pamoja mama mwenye mkungu, mtoto wake, na mjukuu wake aliyechomoza juzi. Ukikata mkungu wa mama, mtoto anafuata. Tunguu lenyewe linabaki ardhini na kuendelea kuchipua.

Ndivyo ilivyo katika korodani. Mwili wote wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Katika ukuta wa kila mrija kuna seli mama. Hizo ndizo tunguu. Seli mama hujigawa. Seli moja hubaki pale pale kuwa tunguu la kesho, na nyingine huanza safari ya kuwa mbegu. Inayoondoka hujigawa tena na tena, na polepole husogea kutoka ukingoni mwa ukuta kwenda katikati ya mrija. Kwa hiyo ndani ya mrija mmoja utakuta rika zote: wachanga ukutani, vijana katikati, na waliokwisha kuumbika mbele kabisa. Mavuno hayakatiki.

Kisha hutokea mgawanyo wa pekee. Kila seli ya mwili ina vijiti vidogo 46 viitwavyo kromosomu. Vijiti hivyo hubeba sifa za ukoo, kama vile rangi, kimo, na sura ya pua. Mbegu haiwezi kubeba vyote 46. Ikibeba 46, na yai la mama likabeba 46, mtoto atakuwa na 92, jambo lisilowezekana. Basi seli ile hujigawa mara mbili na kutoa nne, na kila moja hubaki na kromosomu 23. Yai la mama nalo lina 23. Zikikutana, mtoto hupata 46.

Hapo ndipo penye siri ya mtoto wa kiume na wa kike. Kati ya kromosomu za mwanamume, moja huitwa X na moja huitwa Y. Mwanamke ana X mbili, hana Y. Zile seli nne zinapogawana, mbili hupata X na mbili hupata Y. Mbegu yenye Y ikilifikia yai, mtoto atakuwa wa kiume. Yenye X ikifika, atakuwa wa kike. Yai la mama siku zote lina X tu.

Mzee mmoja mwenye binti sita alinisikiliza mpaka hapa, kisha akauliza, "Bwana shamba, una maana kosa ni langu?"

Nikamjibu, "Si kosa lako, mzee wangu, wala si la mama watoto. Mbegu za X na za Y ziko karibu sawa kwa wingi. Hukuchagua wewe, na yeye hakuwa na Y ya kukupa."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi na tuache kumsema." Wanawake waliokaa mkekani walicheka sana.

HUPATA KICHWA NA MKIA

Zile seli nne zenye kromosomu 23 bado si mbegu. Ni za duara, hazina mkia, haziwezi kwenda popote. Sasa huumbwa upya. Hupata kichwa kidogo kilichobeba urithi wa baba. Mbele ya kichwa huvaa kofia yenye dawa ya kulainisha ganda la yai. Nyuma ya kichwa huwekwa vinu vidogo vya kutoa nguvu, na nyuma yake huota mkia mrefu. Nyama isiyo na kazi hutupwa. Mbegu iliyokamilika ina urefu wa kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Macho matupu hayawezi kuiona.

Wakati huo wote mbegu changa hushikwa na kulishwa na seli walezi zilizosimama ukutani. Mwanasayansi wa Italia aitwaye Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake.

Mtu wa kwanza kuandika kwamba ameziona mbegu za kiume ni Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi, mwaka 1677. Alikuwa mwuza nguo, hakusoma chuo kikuu. Alijitengenezea vioo vya kukuzia vitu, akaona vijidudu vyenye mkia vikiogelea. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wetu wengine hudhani elimu ni ya walioanza shule utotoni tu.

Je, kazi hiyo yote huchukua muda gani? Tangu seli mama ijigawe mpaka mbegu ipate mkia, ni siku 64 hadi 74. Kwa fahali ni siku 61. Kwa kondoo dume ni wiki 7 hivi. Kazi huanza kijana anapobalehe, ubongo unapotoa amri kwa njia ya damu. Huendelea mpaka uzeeni, ingawa hupungua. Mwanamume mwenye afya hutoa mbegu nyingi ajabu, kama milioni 100 kwa siku.

BADO HAZIJUI KUOGELEA

Watu wengi hudhani mbegu ikitoka korodanini iko tayari. Sivyo. Ina mkia lakini haijui kuutumia. Ukiiweka karibu na yai, haliingii.

Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwingine, mmoja tu, uliosokotwa kama kamba. Madaktari huuita epididimisi. Ukinyooshwa hufikia mita 6 hivi. Mbegu husukumwa polepole ndani ya mrija huo kwa siku kadhaa, hadi wiki mbili hivi. Humo ndimo hukomaa. Ngozi yake hubadilika, hupata uwezo wa kuogelea mbele, na uwezo wa kulishika yai. Kisha hungoja mwishoni mwa mrija. Zisipotumika huzeeka na kufa, nyingine hutoka na mkojo. Hazirundikani mwilini na hazimletei mtu ugonjwa wowote, kama vijana wanavyodanganyana.

Ukijumlisha siku za korodanini na siku za mrija wa nyuma, unapata karibu miezi mitatu. Ndugu msomaji, shika sana hesabu hii. Mbegu inayotoka leo ilianza kutengenezwa miezi mitatu iliyopita.

Siku ya kutoka, mbegu hupita mrija mrefu unaopanda tumboni. Huko huchanganywa na maji kutoka tezi mbalimbali. Maji hayo yana sukari ya kuzipa nguvu. Shahawa yote ni kama nusu kijiko cha chai au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ni maji ya tezi. Mbegu zenyewe hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mwanamume asiye na mbegu hata moja huona shahawa ile ile, uzito ule ule. Hawezi kujua kwa macho.

Ndani ya mwili wa mke mbegu zinaweza kuishi hadi siku 5. Yai huishi kwa siku moja tu hivi. Katika mamilioni yanayoondoka, ni chache sana zinazofika karibu na yai, na moja tu huingia.

NGUVU SI MBEGU

Mwanamume akiambiwa aende kupimwa hujibu, "Mimi nina nguvu zangu zote, mwulizeni mke wangu." Jibu hilo si jibu. Korodani zina kazi mbili. Zinatengeneza mbegu, na zinatengeneza kichocheo cha kiume kinacholeta ndevu, sauti nzito na hamu ya mke. Kazi ya pili inaweza kwenda vizuri kabisa huku ya kwanza imesimama.

Tena kuna hatari mpya. Vijana wengine hudungwa sindano za kichocheo hicho ili wapate misuli. Ubongo ukiona kichocheo kimejaa katika damu, huacha kutoa amri, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Kijana huonekana dume kweli kweli, kumbe ghala ni tupu.

DAWA YA MINYOO YA ARDHINI

Nataka niseme zaidi juu ya jambo linalohusu kazi yangu, yaani dawa za shambani.

Ilikuwako dawa moja iitwayo DBCP. Wengine waliijua kwa jina la Nemagon. Ilitiwa ardhini kuua minyoo midogo inayokula mizizi ya migomba, minanasi na mimea mingine. Mwaka 1961 ilikwisha kuandikwa kwamba panya waliopewa dawa hiyo walinywea korodani. Hata hivyo iliendelea kuuzwa. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko California, Marekani, wafanyakazi waliochanganya dawa hiyo walianza kuambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba wake zao hawashiki mimba. Walikuwa vijana, wenye nguvu, hawaumwi popote. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno, na wengine hawakuwa na mbegu hata moja. Baadaye ilijulikana kwamba wafanyakazi wengi wa mashamba ya ndizi ya Costa Rica wamepatwa na hali hiyo hiyo. Marekani ilikataza karibu matumizi yake yote mwaka 1979.

Je, walipona? Hapa mfano wetu wa mgomba unasaidia. Upepo ukiangusha mgomba wenye mkungu, umepoteza mkungu mmoja, lakini tunguu litachipua. Tunguu likioza, mgomba umekwisha. Wafanyakazi waliokaa na dawa muda mfupi, seli mama zao zilibaki hai, na mbegu zikarudi baada ya muda. Kwa wengi waliokaa nayo miaka mingi, seli mama ziliuawa. Hao hawakupata mbegu tena.

Ndiyo sababu sichoki kuwagombeza wakulima wanaochanganya dawa kwa mkono mtupu. Mnaniona mkali. Dawa nyingi si kama ile, lakini mkulima aliyelowa dawa mgongoni hawezi kujua ipi ni ipi. Vaa glavu na buti, soma karatasi ya chupa kwa kuwa sasa unajua kusoma, na uoge kabla ya kumshika mtoto.

MAGONJWA

Homa kali, kama ya malaria, huunguza mbegu zilizokuwa zikitengenezwa. Miezi miwili au mitatu baadaye mbegu huwa chache, ingawa mgonjwa alikwisha kupona na kusahau. Kisha hurudi zenyewe. Fahali aliyeugua homa naye ni vivyo hivyo. Usimchinje kabla hujampa miezi mitatu.

Matubwitubwi yakimpata mwanamume aliyekwisha kubaleghe yanaweza kushuka korodanini na kuzinyausha. Kisonono kisichotibiwa huziba ule mrija wa nyuma. Mbegu zinatengenezwa lakini hazina njia. Wengine wana mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, unaweza kuihisi kama kifungu cha minyoo, nayo huleta joto. Hiyo hutibiwa hospitali. Sigara na pombe nyingi nazo hupunguza mbegu.

Mtu akianza matibabu au akiacha sigara, asirudi baada ya wiki mbili kulalamika kwamba dawa haifai. Mbegu zilizoharibika zilikuwa njiani tayari. Angoje zile mpya.

KUPIMWA

Mume na mke wakikaa mwaka mzima pamoja bila kuzuia mimba na mimba isitokee, waende wote wawili kituo cha afya. Kama mke amepita miaka 35 wasingoje mwaka, waende baada ya miezi sita. Wakifika pamoja, kipimo cha mume ndicho chepesi zaidi. Hakuna kupasuliwa wala sindano. Kama kituo chenu hakina hadubini ya kazi hiyo, watawaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Mume hukaa bila kulala na mke kwa siku 2 hadi 7. Kisha hutoa shahawa yake katika chupa safi aliyopewa na hospitali, si chupa ya soda wala ya dawa. Chupa ifike maabara kabla ya saa moja kupita. Ikibidi kutembea nayo, iwekwe karibu na mwili isipate baridi. Mpimaji huhesabu mbegu, huangalia umbo lake, na huangalia kama zinaogelea mbele au zinazunguka mahali pamoja. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinasema wanaume waliopata mtoto kwa kawaida huwa na mbegu milioni 39 au zaidi kwa mara moja. Aliye chini ya hapo bado anaweza kupata mtoto, ila ni vigumu zaidi.

Majibu yakiwa mabaya, mtu asikate tamaa siku hiyo hiyo. Daktari humwambia arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Mbegu zitakazopimwa siku hiyo zitakuwa nyingine kabisa. Siku ile ya kwanza zilikuwa hazijaanza hata kutengenezwa.